Fundi Magoti na Sakafu ya Jimu

Ukimwona fundi Magoti kasimama wima mchana kweupe, jua siku hiyo hana kazi. Maisha yake yote ya ufundi watu wamemjua akiwa chini, kapiga magoti, penseli sikioni, kisu cha kukatia mkononi, anaibembeleza sakafu kama mtu anayemlaza mtoto. Jina alilopewa na wazazi wake lipo, limelala salama kwenye kitambulisho, na mkewe hulitoa siku akikasirika tu. Siku nyingine zote yeye ni Magoti, na akiitwa hivyo huitika kwa furaha, maana jina hilo kalitolea jasho.

Huyu bwana katandika kila kitu kinachokanyagwa: saruji, vigae, mbao, zulia, mpira. Na ana mambo yake. Akiingia nyumba ya mtu, hata salamu hazijaisha, kashavua kiatu kimoja, cha kushoto, anakandamiza sakafu kwa unyayo huku kafumba macho. Wenye nyumba hutazamana. Mgeni gani huyu? Yeye hana habari nao. "Ukuta watu wanautazama tu," hupenda kusema, "lakini sakafu wanaiamini." Naye hamtazami mtu usoni, humtazama miguuni. Muulize Magoti jirani yake wa miaka nenda rudi ana pua ya namna gani, atakuna kichwa. Muulize anavyokanyaga, atakuigizia mpaka mbavu zikuume.

Hata mke alimpatia huko huko chini. Alikuwa kijana, ameitwa kutengeneza sakafu ya karakana ya ushonaji, na wakati anajipenyeza kati ya meza na meza akauona mguu. Mguu tu, jamani, juu ya pedeli ya cherehani, unapanda na kushuka bila papara, kidole gumba kimejiinua kidogo kana kwamba kinasikiliza. Magoti akaacha kazi akabaki kuutazama. Sauti ikatoka juu: "Wewe uliye huko chini, umepoteza kitu?" Naye kwa ujinga wa ujana akajibu, "Nilipoingia nilikuwa sijapoteza. Sasa naona nimepoteza." Karakana nzima ikaangua kicheko. Uso wa mwenye mguu aliuona baadaye, na anakiri mwenyewe kwamba kufikia hapo mambo yalikuwa yamekwisha.

Wakaoana, wakajenga, sakafu ya nyumba akaisiliba mwenyewe kwa saruji. Mke alimwonya mapema: "Usininyooshee kama kioo, mimi si wa kuteleza nyumbani kwangu." Akaipitisha brashi kabla haijakauka, ikawa na mikwaruzo midogo midogo inayoshika unyayo. Wakapata mtoto mmoja, binti, akakulia juu ya sakafu hiyo, akasoma, akawa mwalimu katika mji wa mbali. Na magoti ya Magoti, baada ya kazi ya miaka yote hiyo, yakaanza kudai haki zao. Kushuka alishuka mwenyewe. Kuinuka ndiko kulikokuwa na kazi.

Jioni alipenda kukaa sakafuni sebuleni, kafungua boksi lake la vifaa, anasafisha gundi kwenye visu. Akimaliza, huita: "Mama! Njoo uning'oe!" Mkewe huacha cherehani, humjia, hutanua miguu kidogo, humshika viganja vyote viwili na kuvuta. "Siku moja nitabaki na mikono, mwenyewe umebaki chini," humwambia. Akishasimama hawaachiani mikono papo hapo. Mgeni angeona ni utani wa wazee. Wao wenyewe walijua ni kitu gani, na wala hawakuwahi kukizungumza.

Basi siku moja ya mvua, Mama Cherehani, maana ndivyo mtaa ulivyomwita, alikwenda dukani kununua nyuzi. Mlangoni pa duka palikuwa na vigae vinavyong'aa, na vimelowa. Wahenga walisema kuteleza si kuanguka, lakini wahenga hawakuvijua vigae vile. Alianguka kwa ubavu, nyonga ikavunjika.

Hospitalini wakamtia chuma, wakamrudisha nyumbani, na baada ya muda daktari akatazama picha akasema mfupa umeunga vizuri sana, sasa kilichobaki ni kazi yake mwenyewe, atembee. Lo! Mfupa ulikuwa umeunga, moyo haujaunga. Kila alipoishika ile fremu yake ya chuma ya miguu minne na kusimama, aliitazama sakafu kama mtu anavyomtazama mbwa aliyewahi kumng'ata. Miguu ilitetemeka. Akarudi kitini. Kiti kikawekwa dirishani, cherehani ikafunikwa kitambaa, na nyumba ikapoa.

Sasa mtu wa sakafu akiwa na huzuni anafanya nini? Anatandika. Magoti alileta sponji. Alianzia sebuleni, akaingia ukumbini, akamalizia chumbani mpaka mlango wa bafu. Juu ya sponji akaweka zulia, na penye wasiwasi akaweka zulia jingine juu ya zulia. Majirani wakija kumjulia hali mgonjwa walipepesuka tangu mlangoni, wakatoka wakitaniana kwamba kwa Magoti mtu haingii, anazama. "Chekeni tu," aliwajibu. "Hapa mke wangu akianguka, ataanguka kama anayejilaza."

Na tangu hapo hakuketi tena sakafuni jioni. Visu alivisafishia mezani. Nani angemng'oa?

Halafu binti akapiga simu. Mtoto mwenye huruma yule, msije mkamfikiria vibaya, lakini ualimu umemzoesha kusema jambo likaeleweka.

"Baba, shule zikifungwa nakuja kumchukua mama. Atakaa kwangu."

"Atakaa mpaka lini?"

"Baba, wewe unashinda kazini, mama anashinda peke yake. Akianguka tena, nani atamwokota? Nikimkuta anatembea mwenyewe humo ndani, nitanyamaza. Nikimkuta kwenye kile kiti, naondoka naye."

Magoti alijibu sawa, mwanangu, akakata simu, akabaki amesimama nayo mkononi. Mkewe alikuwa amesikia kila kitu.

"Mimi si furushi la kupakiwa kwenye basi," alisema taratibu, bila kugeuka kutoka dirishani. "Lakini mtoto hajakosea, mzee."

Aliogopa. Semeni mtakavyo, yule mwanamume aliogopa. Tangu aliposikia sauti ile kutoka juu ya meza ya cherehani, hakuwahi kuishi nyumba moja na ukimya. Hakujua hata chumvi yao inawekwa wapi.

Wiki hiyo hiyo ndipo Kocha alipobisha hodi. Kocha alikuwa mwanamke wa rika la binti yao, mwembamba, mwepesi, mwenye filimbi shingoni hata asipokuwa na wa kumpulizia. Zamani alifanya kazi hospitali, akiwafundisha kutembea upya watu waliovunjika na waliopooza. Sasa alikuwa amekodi ghala la zamani la magunia na alitaka kuligeuza jimu. Vyuma amenunua, vioo amenunua, ila sakafu imemkosesha usingizi.

"Kila muuzaji ananiambia yake," alilalamika. "Mmoja anasema weka vigae, vinapendeza. Mwingine anasema zulia. Fundi, mimi nataka mtu wa kuniambia ukweli."

Magoti aliingia ghalani, akavua kiatu cha kushoto, akafumba macho. "Sakafu yako inatoka jasho," akasema.

"Inatoka nini?"

Hakubishana. Alitandaza vipande vya nailoni juu ya saruji, akavibandika kingo zote kwa utepe wa gundi, wakaenda zao. Kesho yake walipovitazama, kile cha upande wa ukuta wa nyuma kilikuwa na matone chini yake, unyevu unapanda kutoka ardhini. "Ungetandika mpira juu ya hii, gundi ingeachia, na harufu ingekufukuzia wateja," alisema Magoti. Bomba lililokuwa likivuja nyuma likazibwa, saruji ikaachwa ikauke, ikapakwa dawa ya kuzuia maji, na kila palipobonyea akapasawazisha akitembea na pimamaji lake kama daktari na kipimo.

Kisha ikaja kuchagua. Kocha alimwita mnyanyua vyuma mmoja aliyekwisha kujiandikisha, jitu la miraba minne lenye sauti ndogo ya kike, ambalo rafiki zake walilibatiza Bonge. Magoti alipanga sampuli chini akamwambia, "Haya, mwanangu, angusha." Bonge akaangusha chuma juu ya kigae. Kigae kikawa vigae. Akaangusha juu ya mpira mwembamba; mpira ulisalimika, lakini walipoufunua, saruji ya chini ilikuwa na ufa. Akaangusha juu ya mpira mzito, mweusi, mnene kama kitabu cha dini. Dup! Chuma kikatulia pale pale.

"Huu ndio wa vyuma," akasema Magoti. "Na kule watakakokuwa wanarukaruka na muziki, weka mbao, lakini mbao isilale juu ya saruji moja kwa moja. Tunaipandisha juu ya vipande vya mpira, inyumbuke kidogo mtu akitua. Mimi ningekuwa nimerukia kitu kama hicho tangu ujana, leo ningeitwa jina jingine."

Kocha alicheka, akakubali yote. Walikuja kupishana kwenye chumba cha pembeni.

Kilikuwa chumba kidogo chenye madirisha mawili, na ukutani pembeni Kocha alikuwa amefunga bomba refu la kushikilia. Hapo, alisema, ndipo wangekuja wale wa kujifunza kutembea upya, wazee na waliotoka hospitali. Hicho ndicho chumba kilichomfanya akodi ghala zima.

"Hapa nataka mpira pia," alisema. "Mwembamba kuliko ule, mgumu, usioteleza."

"Hapana, mwanangu. Hapa ni sponji."

"Baba, sponji ni ya kulalia na kunyoosha viungo. Mguu dhaifu ukikanyaga kitu laini unayumba. Nimeona kwa macho yangu hospitali."

"Na mimi nimeona mtu akianguka kwenye kitu kigumu!" Sauti ya Magoti ilipanda ghafla, mpaka Bonge aliyekuwa nje akachungulia. Fundi akajikaza, akatazama chini kama kawaida yake, kwenye viatu vya Kocha. "Ya vyuma tumeelewana. Ya mbao tumeelewana. Hiki chumba niachie mimi. Na nikikimaliza, mtu wa kwanza kukiingia awe mke wangu."

Kocha alikuwa keshajua habari za Mama Cherehani, mtaa mzima ulijua. Pengine alipaswa kukataa. Chumba ni chake. Lakini kuna sauti ambazo mtu hazikatalii, na ile ilikuwa mojawapo. "Sawa, baba," alisema.

Jamani, mnaona mambo? Fundi aliyesikia jasho la saruji kwa unyayo, aliyemwonyesha kila mtu kwamba sakafu inachaguliwa kwa kazi itakayofanya, alipofika kwenye sakafu ya mkewe akasahau kuuliza kazi yake ni nini. Mganga hajigangi. Alitandika sponji ya buluu, akaongeza tabaka la pili, akaunganisha pande zake kwa ustadi hata ungepitisha wembe usingeona pa kuingilia. Alipomaliza akajibwaga juu yake makusudi, kwa ubavu, hakuumia, akacheka peke yake.

Mama Cherehani aliletwa kwa teksi. Alikuwa amevaa gauni lake la kutokea, na kichwani kafunga kitambaa kilichopigwa pasi. Magoti na Kocha wakamshika huku na huku mpaka chumba cha pembeni, wakamshikisha bomba la ukutani.

"Hapo huwezi kuumia kabisa," Magoti alimwambia, uso umemng'aa. "Nimejaribu mwenyewe. Nenda, mama."

Akainua mguu, akaushusha. Mguu ukazama. Kifundo kikageuka kidogo, akashtuka, akaling'ang'ania bomba kwa mikono miwili. Akajaribu mwingine, nao ukazama, na mwili mzima ukaanza kutetemeka. Jasho likamtoka chini ya kitambaa.

"Siwezi," alisema. "Nikalisheni."

"Ukianguka huumii, mama, nakuapia."

"Mzee, nimesema nikalisheni."

Wakamletea kiti. Magoti alitoka nje ya chumba akasimama karibu na vyuma, kawapa wote mgongo. Moyo wake ulikuwa umekwenda chini kuliko magoti yenyewe. Alijiona anampakia mkewe kwenye basi, anampungia mkono, anarudi kwenye nyumba ile ya sponji ambamo hata kikombe kikidondoka hakisikiki.

Nyuma yake akasikia Mama Cherehani anamuuliza Kocha, "Na kule kweusi, kuna nini?"

"Kule ni kwa wanyanyua vyuma, mama."

"Nipeleke."

"Kule?"

"Mimi na wewe nani kavunjika masikio?"

Wakampeleka. Vijana waliokuwa wakiguna na vyuma vyao wakanyamaza. Bonge akaweka chini alichoshika, polepole kama anayeweka yai, akafuta viganja kwenye suruali. "Shikamoo, mama." "Marahaba, mwanangu. Nisogezee hicho kikono chako." Bonge akaunyoosha mkono wake mnene kama nguzo, naye akaushika.

Akaivua ndara ya mguu wa kushoto. Akaukandamiza ule mpira mweusi kwa unyayo, akafumba macho. Mtu aliyeishi na Magoti miaka yote hiyo angejifunza wapi kwingine? Akakandamiza tena, na kidole gumba kikajiinua kidogo. Magoti alikiona. Alikuwa hajakiona kikijiinua namna ile tangu siku ya vigae.

Akapiga hatua. Mguu ulibaki pale ulipowekwa. Akapiga nyingine, kisha nyingine, kaushikilia mkono wa Bonge, na Bonge anatembea kinyumenyume amezuia pumzi kuliko siku yoyote aliyobeba chuma. Walipofika kwenye kioo Mama Cherehani akageuka. Alikuwa anahema, lakini anacheka.

"Mzee," alimwita mumewe. "Pedeli ya cherehani ikilegea, unakanyaga haikujibu, utashona nini? Mguu unataka kitu kinachouitikia. Kule ndani nauliza, sakafu kimya. Hii imeniitikia."

Magoti aliingia chumba cha pembeni, akapiga magoti, akakichomeka kisu kwenye ile kazi yake nzuri ya buluu akaanza kuing'oa. Kocha alimfuata. "Baba, si lazima leo."

"Leo leo," alisema. "Lete ule mpira wako mgumu. Na unisamehe, mwanangu. Nilitandika hofu yangu humu."

Basi chumba kikapata sakafu yake, na Mama Cherehani akawa wa kuja kila alipopata wa kumleta. Fremu ikaachwa kwa fimbo. Alizoeana na wale vijana mpaka akawa anawakosoa mishono ya bukta zao. Siku moja akamwambia Kocha anataka kufundishwa kuvuta, ile kamba iliyofungwa kwenye vyuma, ambayo mtu anasimama na kuivuta kwa mikono miwili.

"Mama, kwa nyonga tunahitaji kutembea na kusimama. Kuvuta ni kwa nini?"

"Nina sababu zangu. Wewe nifundishe tu nisijiumize."

Kocha akamfungia chuma chepesi, akamwonyesha kutanua miguu na kukaza tumbo. Akazidi kumwongezea kidogo kidogo. Magoti akiliona hilo hujiuliza, hupuuza. Wanawake wana mambo yao.

Nyumbani, hata hivyo, kiti kilibaki dirishani. Akirudi kutoka jimu ametembea vizuri, akivuka tu kizingiti, miguu inaanza kutetemeka, mkono unatafuta ukuta. Magoti aliona, akajifanya haoni. Alijua. Fundi mzima, atakosaje kujua? Lakini kung'oa sponji ya watu ni kitu kimoja. Ile ya nyumbani ilikuwa imesimama kati ya mkewe na ardhi wakati yeye yuko kazini, na kila alipolitazama lile zulia aliiona ile nyonga ikipiga vigae.

Siku shule zilipofungwa, walikuwa wanakunywa chai.

"Huko natembea, hapa nazama," Mama Cherehani alisema.

"Nimeona."

"Sasa?"

"Ukianguka hapa, mama, mimi sipo... hapo chini ni saruji." Akakiweka kikombe mezani.

Mkewe akaufunika mkono ule kwa wake. "Baba, sikiliza. Umenitengenezea pa kuangukia, na nakushukuru, najua umetandika kwa mapenzi. Lakini mimi nataka pa kutembelea. Ile saruji uliinyoosha wewe. Mimi ninaiamini. Wewe huiamini kazi yako?"

Kesho yake hakwenda kazini.

Alitoa meza na viti vyote nje, akakunja mazulia, akaanza kukata sponji vipande vipande. Mkewe alikuwa chumbani, amejilaza kidogo. Sponji ya huko na ya ukumbini alikuwa amekwisha kuiondoa tangu asubuhi. Ilipofika zamu ya sebule, gundi ilikuwa imeshika, ikabidi aikwangue kwa patasi, kona kwa kona, mpaka ile mikwaruzo ya brashi ya ujanani ikatokea. Aliipapasa kwa kiganja. Ilikuwa bado inashika. Alikuwa katikati ya chumba kitupu, kajaa vumbi mpaka kwenye nyusi, mlango ukafunguliwa.

Binti. Alikuwa amewahi basi la alfajiri ili awashtukize, na aliyeshtuka ni yeye. Aliganda na begi lake mlangoni.

"Baba! Umefanya nini? Mazulia yako wapi? Unataka kumuua mama?"

"Mwanangu, ngoja kwanza..." Magoti akajaribu kuinuka. Magoti yakakataa. Alitazama huku na huku apate pa kushika. Kiti kiko nje, meza iko nje. Alibaki chini kama mtoto aliyenyimwa kubebwa, na aibu ikamchoma, maana alimwona binti anamtazama yeye, anaitazama saruji tupu, na uso wake umekwisha kuamua.

"Baba, hata wewe mwenyewe huwezi kuinuka," binti alisema, na sauti ikamkatika. "Ningewaachaje hivi? Mama yuko wapi? Nitamfungia nguo zake."

Ndipo sauti ikasikika kutoka ukumbini.

Kisigino juu ya saruji. Kimya kidogo. Kisigino tena, na fimbo. Magoti aliinua kidole kumnyamazisha binti, akafumba macho. Aliijua hatua ile kuliko sauti yake mwenyewe, na kumbe alikuwa hajaisikia muda wote huo. Sponji ilikuwa imeimeza hata siku zile chache mkewe alipothubutu kwenda bafuni. Machozi yalimtoka akayaacha yatiririke juu ya vumbi.

Mama Cherehani alitokea mlangoni pa ukumbi, peku, fimbo mkono mmoja. Akamwona bintiye, akatabasamu, akamwashiria asubiri. Akaanza kuivuka sebule ile tupu, polepole, hakuna pa kushika, macho mbele. Binti aliachia begi likaanguka. Alitaka kukimbia amshike mamake, lakini akakumbuka ameambiwa asubiri.

Mama Cherehani alifika mbele ya mumewe. Akaiachia fimbo ikalala sakafuni. Akatanua miguu kidogo, akakaza tumbo, akanyoosha mikono miwili.

Hapo ndipo Magoti alipoielewa ile kamba ya jimu.

"Kwani leo huiti?" mkewe alimuuliza.

Magoti akaipokea mikono ile. "Mama," alisema, "njoo uning'oe."

Akavuta. Magoti akainuka, na wanaojua wanasema alijisaidia kidogo kwa mguu mmoja asimwelemee, lakini yeye hukana kabisa. Akasimama wima mbele yake, wote wawili wanahema.

"Nasikia umekuja kuchukua mtu," Mama Cherehani alimwambia binti bila kugeuza kichwa. "Basi mchukue baba yako. Ndiye asiyeweza kuinuka."

Binti alicheka huku analia, akavua viatu vyake mlangoni, akaingia. Aliwasalimia baba na mama kwa kuwakumbatia wote pamoja, maana hapakuwa na namna ya kumsalimia mmoja mmoja. Walikuwa bado hawajaachiana mikono.